Wembe Ambao Sikuushika

Wifi yangu hamwamini mtu. Sisemi kwa kumsengenya. Nimeshamwambia usoni mara nyingi, naye hunijibu kwamba waliokuwa wanaamini watu wako wapi leo. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na kazi yake ni kuwatoa wanawake nywele wasizozitaka: za kwapani, za miguuni, za juu ya mdomo, na kwa sisi wenye bahati yetu, za kidevuni. Anatumia nta ya sukari anayoipika mwenyewe kwa ndimu na maji mpaka igeuke rangi ya asali. Wateja wamempa jina la Afande. Analijua, na nadhani analipenda.

Jina lenyewe halikuja bure. Ukifika kwenye chumba chake cha mbele, usidhani utapanda kitandani moja kwa moja. Unahojiwa kwanza pale mlangoni, viatu mkononi. Umepaka nini tangu uondoke hapa? Nani kakuuzia? Lete kopo nilione. Umejisugua na nini? Na jua je, ulikaa juani? Kuna mwalimu mkuu mmoja, mama mzito ambaye shule nzima inamnyamazia, siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Mimi nimewahi kuwa shahidi mahakamani," alisema, "na sikubanwa namna hii."

"Huko walitaka ukweli wa mtu mwingine," Afande akamjibu. "Mimi nautaka wa kwako. Geuza uso."

Mchuuzi wa vipodozi ndiye anayekiona cha moto zaidi. Afande hupokea kopo, akalipindua, akasoma mpaka maandishi ya chini, akalinusa, kisha akajipaka tone moja mkononi mwake na kusubiri. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka chini, umejaa mabaka ya losheni na krimu za watu, kama ubao wa kukatia vitunguu. "Hili kopo limefunguliwa likafungwa tena," husema. Mchuuzi ataapa kwamba amelitoa kwenye boksi sasa hivi, mbele ya macho yake. "Ndiyo maana nakwambia," Afande humjibu, na mchuuzi wa watu hukusanya vitu vyake akinung'unika.

Hakuzaliwa hivyo, nimtetee kidogo. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye saluni kubwa, akifagia, baadaye akaruhusiwa kushika nyusi. Akaja bibi mmoja wa maana, akaulizwa kama anatumia dawa yoyote ya uso, akasema hapana, maji na sabuni tu. Kumbe alikuwa anajipaka krimu ya kuchubua, ile inayolainisha ngozi mpaka inakuwa kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Afande alipovuta nta, nyusi ilitoka na ngozi yake. Yule bibi alilia, akaapa kwa watoto wake kwamba hajapaka kitu, na saluni nzima ikamwamini. Afande alifukuzwa siku hiyo hiyo, hata aproni hawakumwachia. Tangu hapo mdomo wa mteja kwake ni redio tu. Anachokiamini ni ngozi yenyewe na nywele zenyewe.

Na nywele anazisoma kweli. Ana taa yenye shingo ya kupinda, anaivuta mpaka joto lake unalisikia shavuni, halafu anainama. Nywele iliyong'olewa na mzizi wake, anasema, ikiota tena inakuja na ncha nyembamba, laini, kwa sababu ni mpya. Iliyokatwa kwa wembe inarudi na ncha butu, kama bua baada ya panga kupita. Wembe ndio adui yake mkubwa. Mteja akijinyoa nyumbani katikati, ameharibu kazi yote, na akija kudanganya kwamba hajanyoa, anarudishwa kwao hivyo hivyo na ndevu zake.

Sasa mimi. Baada ya mtoto wangu wa pili niliota vinywele vichache kidevuni. Mume wangu, fundi wa majokofu, hakujua, na sikutaka ajue. Ningemwambiaje? Nilikuwa naaga nakwenda kwa wifi kunywa chai, na chai kweli tulikuwa tunakunywa, baada ya kazi. Afande ndiye mtu pekee aliyekijua kidevu changu. Na kwa yote niliyoyasema juu yake, siri ilikaa. Hata tulipogombana kwa mambo ya kifamilia, hakuwahi kunirushia lile neno. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda mpaka sasa.

Shule zilipofungwa mwaka juzi, nikaanza kuona mambo. Vinywele vilikuwa vichache na laini, vikageuka vingi na vigumu, vimeshuka mpaka chini ya taya. Nilikwenda kwake mapema kuliko kawaida. Akanifanyia, akaguna tu. Haukupita muda nikarudi tena, maana zilikuwa zimeota kama hajanigusa. Safari hii alivuta taa, akainama, akakaa pale pale ameinama. Kisha akaizima.

"Umenyoa," akasema.

"Nani? Mimi?"

"Ncha zimekatwa, wifi. Nene, butu. Hizi nywele zimepita kwenye wembe."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikamwapia kwamba sijashika wembe, wala mkasi, wala kitu chochote. Akanikata jicho lile la kuwakatia wachuuzi.

"Viapo navisikia kila siku," akasema. "Yule bibi wa nyusi aliapa kuliko wewe."

"Unanifananisha na yule bibi? Mimi wifi yako?"

"Nakufananisha na kidevu chako. Inuka. Sikufanyii. Nenda kwa huyo unayenificha."

Jamani! Nje ya pazia, kwenye benchi, wateja walikuwa wamekaa kimya na masikio yao yote. Nilitoka pale uso nimeufunika kwa kanga kama mwizi. Mtu niliyemwamini na aibu yangu yote, ananiita mwongo mbele ya watu! Nikajiapiza kwamba sitakanyaga tena kwake, ng'o. Na yeye, kichwa kigumu yule, hakuniita.

Basi nikaanza kujifanyia mwenyewe nyumbani. Nilinunua krimu ya kuondolea nywele, ile inayonuka yai viza. Maelezo yanasema usiiache muda mrefu. Mimi kwa hasira zangu niliiacha, kwa kuwa nywele zilikuwa nene nami nilitaka ziondoke zote. Ziliondoka na ngozi. Zilipoota tena nikanunua zile karatasi zenye nta, nikabandika juu ya kidonda kilichokuwa hakijapona vizuri. Maumivu yake sina haja ya kuwasimulia. Nikaanza kuvaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mafua, nikasema. Mafua yasiyoisha, ya mtu asiyepiga chafya hata mara moja. Mume wangu alikuwa ananitazama wakati wa kula, nimempa mgongo nikipenyeza kijiko chini ya barakoa, na hakusema neno. Ukimya wake nao ukanitia wasiwasi: anajua nini? Nani kamwambia?

Na si kidevu peke yake. Siku moja nilipiga simu dukani kuulizia gesi, muuzaji akaniambia, "Sawa kaka, tunaleta." Nikadhani masikio yake mabovu. Kisha mwingine akaniita kaka. Nywele za kichwani zikawa zinabaki kwenye kitana, panda za uso zikapanda juu kama za mwanaume mwenye upara. Siku zangu za mwezi zikakata. Nikajiambia utu uzima umewahi, basi. Kila jambo nililipa sababu yake na kuliweka pembeni. Mtu ambaye ningemwambia yote kwa pamoja ni mmoja, na huyo tulikuwa hatusemeshani.

Shule zilifunguliwa, muhula ukaenda, ndipo Afande akatokea mlangoni kwangu. Amejitanda vizuri, mkoba kwapani.

"Nimepita tu," akasema.

Nyoo! Afande hapiti tu. Baadaye alikiri kwamba kuna mteja alimnong'oneza eti ameniona naingia saluni ya vioo kule barabarani, ile ya washindani wake. Sikuwahi kuingia, nilisimama nje naangalia bei. Lakini yeye alikuja kunitia mkononi. Hakukaa hata sebuleni. Alikwenda moja kwa moja bafuni, nami nyuma yake nimeshika kiuno. Alichukua wembe wa mume wangu, akausogeza dirishani penye mwanga, akaugeuza.

"Hizi ni mvi za kaka," akasema, na ungeona alivyovunjika moyo.

Akaangalia nyuma ya ndoo. Akaangalia juu ya tangi la choo. Akainua mpaka kopo la dawa ya meno.

"Tafuta!" nikamwambia. "Tafuta na humu!" Nikaivua barakoa.

Akageuka. Kidevu changu wakati ule kilikuwa na malengelenge, makovu na ndevu, vyote kwa pamoja. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Wewe."

Tulisimama bafuni pale, mimi nalia kwa hasira, yeye ametoa macho. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alikohoa, akasema, "Njoo ukae kwangu. Kwangu hakuna wembe. Nitaona kwa macho yangu mwenyewe zinavyoota, na kama hujanyoa nitajua."

Bado ananichunguza! Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo hata mimi nilitaka shahidi. Nikamwambia sawa, nichunge. Mume wangu tulimdanganya kwamba dada yake anaumwa mgongo na anahitaji msaada.

"Dada kakubali kusaidiwa?" akashangaa. "Basi anaumwa kweli kweli."

Alinichunga kama mahabusu. Mkoba wangu aliupekua, foronya akaigeuza nje ndani, kimkasi changu cha kucha akakiweka kabatini kwake na kufunga kwa ufunguo. Nikienda kuoga anakaa nje ya mlango na kuniuliza mbona nimenyamaza. Lakini kidonda alikiosha yeye, asubuhi na jioni, kwa maji ya baridi na utomvu wa mshubiri, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno hata nikamchukia kidogo kwa kuwa vile. Hatukuongea sana. Yeye alikuwa anangoja kunikamata, mimi nilikuwa nangoja aone haya.

Ngozi ilipotulia, asubuhi moja kabla wateja hawajajaa, aliniita kitandani. Alipaka nta kidogo tu, chini ya taya, mahali ambapo sikuwa nimepaunguza. Akabandika kitambaa, akavuta. Kisha hakukitupa kama kawaida. Alikipeleka chini ya taa. Akachukua kibanio cha nyusi, akawa anaigeuza nywele moja moja.

"Njoo uone," akasema.

Nilienda. Nywele iking'oka vizuri, akanieleza, mwishoni huwa na kibonge cheupe, kidogo kama punje ya chumvi, ndio mzizi. Kwenye kile kitambaa hakukuwa na hata nywele moja yenye kibonge. Zote zilikuwa zimekatikia ndani ya ngozi. Mizizi ilikuwa imeshika chini kwa nguvu ambayo nta haikuiweza, kwa hiyo kila alipovuta alikuwa anazikata tu, na zilizobaki ndani zilitoka na ncha butu.

Alikaa juu ya ndoo ya sukari. Sijawahi kumwona anakaa saa za kazi.

"Wifi," akasema. "Si wembe. Ni mimi niliyekuwa nazikata."

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, maana nilikuwa nimevitunza muda mrefu. Lakini alikuwa ananikodolea macho kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Hebu ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote." Akasikiliza. Akasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaangalia panda zangu za uso. "Sauti hii umeipata lini? Nywele hizi zimeanza kutoka lini? Siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"

Maswali yale yale ya mlangoni, kwa sauti ile ile ya kiaskari, ila safari hii alikuwa anaogopa. Nikamjibu yote. Kila jambo nililokuwa nimeliweka pembeni alilitoa na kulipanga mbele yangu, na nilipoyaona yamekaa pamoja, nikashika ukingo wa kitanda.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi najua ngozi, na hili halitoki kwenye ngozi." Akachomoa waya wa jiko la nta. Akafungua pazia, akawaambia wateja wa kwenye benchi waende nyumbani. Mwalimu mkuu aliuliza arudi saa ngapi, hakujibiwa.

Hospitali walinipima damu, wakanipaka jeli tumboni, wakapitisha kile chombo cha kuonea ndani. Daktari kijana akarudia mahali pamoja mara nyingi, kisha akaita mwenzake. Kulikuwa na uvimbe kwenye ovari, nao ndio uliokuwa unatengeneza homoni za kiume na kuzimwaga mwilini mwangu. Nikapewa barua niende kwa daktari bingwa wa upasuaji. Kama umeshasambaa au bado, hawakuweza kusema.

Ikabidi mume wangu aambiwe. Nilikaa mbele yake, nikaivua barakoa, nikamweleza kila kitu isipokuwa jambo moja: kwamba dada yake alinifukuza. Alikitazama kidevu changu, machozi yakamlengalenga.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nilidhani kuna mtu."

Lile jambo moja sikulisema makusudi. Mume wangu hakasiriki haraka, lakini akikasirika amekasirika. Ana mjomba wake mzazi ambaye hajamsalimia tangu kabla hajanioa, na hata sababu wengine wameshaisahau. Nilijua akisikia kwamba nilikwenda kwa dada yake mapema, nikarudishwa kwa kuitwa mwongo, na uvimbe ukaachwa unakua huku sisi tumenuniana, Afande hatakuwa na kaka tena. Na yeye hana mtu mwingine.

Tulikwenda watatu kwa daktari bingwa. Mama mmoja mpole, miwani imeshuka puani. Mume wangu kulia kwangu, Afande amesimama ukutani, anasoma mpaka msimbo ulioandikwa kwenye boksi la glavu.

"Mabadiliko haya yalianza lini?" daktari akauliza. "Ndevu, sauti."

"Juzi juzi tu, daktari. Wiki chache zilizopita."

Akaanza kuandika.

"Anadanganya," Afande akasema.

Sote tukageuka. Daktari akashusha kalamu.

"Yalianza shule zilipofungwa," akasema, na macho yake yalikuwa kwa daktari tu. "Zimefunguliwa, na sasa zinakaribia kufungwa tena. Alikuja kwangu mwanzo kabisa. Nikamwambia amenyoa, nikamfukuza. Aliniapia, sikumsikiliza. Andika hivyo."

"Wifi, nyamaza," nikamwambia.

"Sinyamazi. Daktari anataka kujua uvimbe umekua kwa kasi gani. Ukimwambia wiki chache ataupasua vingine."

Daktari alisema ndiyo, inaleta tofauti, na akaikata ile sentensi yake kwa mstari. Mume wangu alimtazama dada yake, kisha akatazama sakafu, na tangu pale chumbani mpaka getini, na kutoka getini mpaka siku ya upasuaji, hakumpa hata salamu. Afande alikuja kila siku. Alikaa kwenye benchi la nje, akamuuliza kila nesi dripu hiyo ina nini ndani, na kaka yake alipita mbele yake akienda na kurudi kama anapita mbele ya ukuta.

Waliutoa uvimbe pamoja na ovari iliyoushika. Ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa umesambaa. Hayo niliambiwa baadaye. Nilipozinduka nilijua tu kwamba kinywa kimekauka na kwamba mume wangu amekaa upande wa kulia wa kitanda, ameshika mkono wangu. Afande alikuwa mlangoni. Nadhani nesi alimwonea huruma akamruhusu. Hakuingia ndani zaidi ya hatua moja.

"Ulimdanganya daktari kwa ajili yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Usirudie."

"Miezi yote ile nakwambia ukweli hukuniamini," nikasema, na sauti ilikuwa bado nzito, inakwaruza. "Uongo nimesema mmoja tu kwa ajili yako tangu niolewe kwenu. Huo ndio ukaukamata."

Hapo uso wake ukavunjika. Afande, ambaye sikuwahi kumwona analia hata kwenye msiba wa mama yao, alilia amesimama, mkoba kwapani, bila hata kujifuta. "Nilikuwa nakuua, wifi," akasema. "Nilikuwa nakuua na nakuita mwongo."

Mume wangu aliuachia mkono wangu. Aliinuka taratibu. Kisha akakivuta kiti alichokuwa amekikalia mpaka karibu na kichwa changu, akakipangusa kwa kiganja.

"Dada," akasema, "njoo ukae."